Vitesi ya kupumzisha injini: historia ya ovadraivu, na kwa nini haipatani na mteremko

Shofere anayeshuka mteremko wa Kabasha na fuso lililojaa makaa, mihogo na watu juu yake ana vitu viwili tu vya kulizuia: freni na injini. Freni kila mtu anaifahamu. Injini wengi hawajui kama nayo inazuia gari, na baadhi ya mashofere wanaojua wanaitenga kwa makusudi. Wanaweka vitesi huru ili mazutu yabaki kwenye tenki. Abiria walio juu ya mzigo, na miaka hii wengi wao ni familia zinazokimbia vita na magodoro yao, wanahisi tu kwamba kelele imepungua na upepo umeongezeka.

Leo nawaeleza historia ya kifaa cha magari ya zamani kilichotokana na hamu hiyohiyo ya kuipumzisha injini na kubana mafuta. Kinaitwa ovadraivu. Mafundi wetu waliojifunza kazi kwa Kifaransa wanasema vitesi ya sirmiltipliye. Waliokitengeneza walikutana mapema na tatizo la mteremko, na sehemu kubwa ya historia yake ni namna walivyohangaika nalo. Kwa hiyo inatuhusu, hata kama magari yenyewe yalitengenezwa Marekani na Uingereza kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Tuanze na vitesi yenyewe, ama gia kama wanavyosema majirani zetu wa mashariki. Injini ina nguvu ikizunguka haraka. Ikizunguka polepole mno inazima. Gurudumu nalo linahitaji nguvu nyingi gari likiondoka au likipanda, na nguvu kidogo kwenye tambarare. Bwate ya vitesi ndiyo inayowapatanisha hao wawili. Kwenye vitesi ya kwanza injini inazunguka mara kadhaa ili kadani, ule mti wa chuma unaopita chini ya gari kwenda nyuma, uzunguke mara moja. Gari linakwenda polepole lakini lina nguvu ya kubeba. Kila unapopanda vitesi tofauti inapungua, mpaka injini na kadani zinazunguka sawasawa, moja kwa moja.

Hiyo ya moja kwa moja ina historia yake. Mwezi wa Desemba 1898 kijana Mfaransa wa miaka 21, Louis Renault, alipanda na kigari chake mtaa wa Lepic kule Montmartre, Paris, mtaa wenye mwinuko mkali. Katika kigari hicho vitesi ya juu haikupitisha nguvu kwenye meno ya pinyo yoyote ya bwate: injini ilishikana na kadani moja kwa moja. Magari mengi ya wakati huo yalitumia minyororo na mikanda, yakipiga kelele na kupoteza nguvu njiani. Mwaka 1899 Renault alipata hati ya ubunifu wake, na watengenezaji wengine wakaufuata. Kwa miaka mingi baadaye, gari la kawaida lilikuwa na vitesi tatu au nne, na ya mwisho ilikuwa hiyo ya moja kwa moja.

Ovadraivu inapita hapo. Ndani yake kadani inazunguka zaidi ya injini. Ikiwa injini inafanya mizunguko 3,000 kwa dakika kwenye vitesi ya moja kwa moja, ovadraivu ya kiwango cha 0.7 inaishusha hadi 2,100 huku gari likiendelea na mwendo uleule. Fanya hesabu: ni mizunguko 54,000 iliyookolewa kwa kila saa ya safari. Pistoni, rulema na oili vinapata nafuu, na masikio ya abiria pia. Mafuta yanapungua, ingawa si kwa kiasi hicho chote, kwa sababu upepo unaolisukuma gari kwa mbele haujali injini inazunguka mara ngapi. Faida inatoka kwenye msuguano mdogo ndani ya injini, na kwenye ukweli kwamba injini inayozunguka polepole huku imekanyagwa vya kutosha inafanya kazi vizuri kuliko ile inayozunguka mbio bila mzigo.

Wazo hilo lilikuja mapema. Gari la Rolls-Royce lililopata jina la Silver Ghost, la mwaka 1907, lilikuwa na vitesi nne, na ya nne ilikuwa ya ovadraivu. Kufikia 1909 kampuni iliiondoa na kubaki na tatu. Matajiri walionunua magari yale walipenda kukaa kwenye vitesi moja ya juu bila kugusa kijiti, na ovadraivu inakufa kila mara barabara inapoinuka. Udhaifu wake ndio huo: inakupa mwendo, inakunyima nguvu. Mlima ukija, lazima uiache.

Ilihitaji nchi yenye barabara ndefu za lami ili kupata soko. Nchi hiyo ilikuwa Marekani, na mwaka unaotajwa ni 1934, ovadraivu ya kampuni ya Borg-Warner ilipofungwa kwenye Chrysler Airflow. Magari ya Marekani wakati huo yalikuwa na gia fupi za mti wa nyuma, kwa ajili ya vilima na njia za matope. Ukitoka kwenye matope ukafika kwenye lami, injini ililia kama mashine ya kusaga unga isiyo na mahindi. Borg-Warner waliongeza sanduku dogo nyuma ya bwate ya kawaida.

Ndani ya sanduku hilo kuna mpangilio ambao mafundi wanaufananisha na anga. Katikati kuna pinyo moja inayoitwa jua. Kuizunguka kuna pinyo ndogo zinazoitwa sayari, zimefungwa kwenye kibebeo chao. Nje kuna pete yenye meno upande wa ndani. Injini inazungusha kibebeo cha sayari, na kadani inafungwa kwenye pete. Jua likiachwa lizunguke pamoja na wengine, kundi lote linakwenda kama kitu kimoja na hakuna kinachobadilika. Lakini ukilishika jua lisizunguke, sayari zinalazimika kutambaa juu yake, na katika kutambaa huko zinaisukuma pete mbele kwa haraka kuliko kibebeo chenyewe. Mzunguko 0.7 wa injini unatoa mzunguko mmoja wa kadani. Ni ujanja mzuri, kwa sababu kubadilisha ni kushika tu na kuachia. Hakuna haja ya kuchomoa pinyo moja na kuchomeka nyingine.

Katika aina iliyoenea zaidi, ile ya umeme iliyofuata, kazi ya kulishika jua ilifanywa na sumaku ya umeme iliyosukuma ulimi wa chuma kwenye notsi. Kidhibiti kilichozunguka na kadani kilisubiri gari lifike mwendo wa karibu kilomita 45 kwa saa. Dereva akainua mguu kwenye akselereta kwa nusu sekunde, ulimi ukaingia, injini ikatulia. Akitaka kulipita gari lingine alikanyaga mpaka chini kabisa: swichi iliyo chini ya pedali ilikata moto wa plagi kwa muda mfupi sana ili mzigo upungue, ulimi ukachomoka, na gari likarudi kwenye vitesi yenye nguvu. Hayo yote bila kompyuta. Nikiwa mtu wa studio, ninayezoea kuona fundi mitambo akihangaika na waya nne, ninawavulia kofia.

Sasa tuje kwenye friwili. Kila aliyepanda baiskeli anaijua: unaacha kukanyaga pedali, gurudumu linaendelea kuzunguka. Borg-Warner waliweka kifaa cha namna hiyo ndani ya sanduku lao, ili pete iweze kukimbia mbele ya kibebeo ovadraivu inapoingia. Bila hiyo mitambo ingegombana. Lakini kama ilivyo kwenye baiskeli, friwili inapeleka nguvu upande mmoja tu. Injini inaweza kusukuma magurudumu, magurudumu hayawezi kuisukuma injini. Kwa hiyo dereva aliyeacha kishikio cha ovadraivu kimesukumwa ndani, kisha akashuka polepole chini ya mwendo ule wa kilomita 45, alikuwa na gari lisiloshikwa na injini hata kidogo. Alikuwa na freni tu. Hata kuegesha gari mteremkoni kwa kuliacha kwenye vitesi ya kwanza hakukusaidia. Lilisogea lenyewe kwenda mbele kana kwamba halina vitesi. Ndiyo maana kishikio kilikuwepo. Kabla ya mteremko mrefu dereva alipaswa kukivuta nje, na hapo vyuma vilifungana, friwili ikazimwa, injini ikashika gari tena.

Friwili yenyewe ilitangulia ovadraivu hii. Studebaker waliitangaza kuanzia 1930 kama sifa ya gari lao, na kampuni nyingine zikafuata, zikiahidi mafuta kidogo na vitesi laini. Ahadi ya mafuta haikuwa uongo. Injini za esanse za wakati huo zilikuwa na kabureta. Gari likishuka na vitesi ndani, magurudumu yakiizungusha injini mbio, kabureta iliendelea kuvutwa na kumwaga esanse bila kazi yoyote. Injini ikitengwa, ikabaki inapumua polepole, ilikunywa kidogo. Gharama yake ilikuwa freni zilizowaka moto. Sheria za majimbo mengi ya Marekani zikaja kukataza kushuka mteremko gari likiwa kwenye vitesi huru, na zinakataza mpaka leo.

Nimekaa kwenye jambo hili la kabureta kwa sababu moja. Mashofere wetu wanaposema kwamba kushuka na vitesi huru kunabana mafuta, wanasema kitu kilichokuwa kweli kwenye malori ya esanse ya wazee wao. Malori ya leo ni ya mazutu. Kwenye injini ya mazutu, ukiinua mguu huku vitesi iko ndani na mteremko unaizungusha injini, pampu inaacha kupeleka mazutu kwenye injekta. Gari lenyewe ndilo linalofanya injini izunguke. Ukiweka huru, injini inabaki peke yake, na pampu lazima iilishe ili isizime. Kwa hiyo kwenye mteremko mkali, ambapo ungelazimika kushika freni kwa vyovyote, anayeweka huru ndiye anayechoma mazutu. Magari ya esanse ya siku hizi, yenye injekta badala ya kabureta, nayo yanakata mafuta vivyo hivyo.

Ninajua kwa nini mazoea hayafi. Shofere anapewa mazutu ya kuhesabu, na lita inayobaki ni chakula cha nyumbani. Sitamhubiria. Namwambia tu kwamba lita anayodhani ameipata pale Kabasha, au kwenye kona za Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, haipo.

Na joto lipo. Chukua lori la tani 20 pamoja na mzigo wake. Likishuka mita 500 za kwenda chini, hesabu ya sekondari inatoa joto linalotosha kuchemsha karibu lita 290 za maji kutoka nyuzi 20 mpaka 100. Upepo na matairi vinachukua sehemu. Iliyobaki lazima ipate mahali pa kwenda. Injini ina rediyeta, ina maji, ina feni, ina ekzosi ya kutolea hewa ya moto. Ngoma ya freni haina kitu isipokuwa upepo unaopita pembeni. Ikizidi joto inatanuka na kwenda mbali na viatu vyake, viatu vinapoteza mshiko, na mguu wa shofere unashuka bila kukuta kitu. Vijana wa chukudu wanaoshuka na mizigo kutoka Kibumba wanalijua somo hili kwa unyayo: kile kipande cha tairi wanachokanyaga juu ya gurudumu la nyuma kinanuka kabla hakijachoka.

Lori lenye freni za upepo lina shida ya pili. Upepo huo unatengenezwa na kompresa inayozungushwa na injini. Injini ikipumua polepole, kompresa nayo inalegea, wakati uleule shofere anapopiga freni mara kwa mara na kumaliza akiba. Hata ile freni ya ekzosi iliyo kwenye malori mengi ya Kijapani haifanyi kazi kwenye vitesi huru, maana inabana pumzi ya injini, na injini iliyotengwa haina uhusiano na magurudumu.

Turudi kwenye historia, tuje kwa malori. Lori la ovadraivu lililofahamika kuliko yote pengine ni GMC CCKW, lori la kijeshi la magurudumu sita yenye kusukuma, lililotengenezwa Marekani wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Yalitoka kiwandani zaidi ya 500,000. Bwate yake ilikuwa na vitesi tano: ya nne moja kwa moja, ya tano ovadraivu. Hapa hapakuwa na sanduku la ziada wala sumaku wala friwili. Ovadraivu ilikuwa jozi ya pinyo ndani ya bwate, unaiingiza kwa kijiti kama vitesi nyingine, na injini inabaki imeshika magurudumu wakati wote. Mwendo wa juu uliowekwa ulikuwa maili 45 kwa saa, yaani kilomita 72.

Malori hayo ndiyo yaliyobeba Red Ball Express, msururu uliotoka pwani ya Normandie kuwafuata wanajeshi waliokuwa wakisonga mbele Ufaransa, kuanzia tarehe 25 Agosti mpaka 16 Novemba 1944. Reli zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu. Katika siku za kilele magari karibu 6,000 yalikuwa barabarani, yakipeleka tani zipatazo 12,500 kwa siku: esanse, risasi, chakula. Madereva watatu kati ya kila wanne walikuwa Wamarekani weusi, wakati jeshi lao bado lilikuwa likiwatenga na wazungu. Amri ilitaka mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Madereva waliondoa vidhibiti vya mwendo kwenye injini na kukimbia usiku kucha na mizigo iliyopita kipimo. Ukiwa umewahi kuona msafara wa chakula ukichelewa kufika kambini unaweza kuelewa haraka yao. Vita ilipoisha, malori ya aina hiyo yaliuzwa sehemu nyingi za dunia, yakalima barabara kwa miaka mingi mikononi mwa raia.

Malori makubwa ya kiraia ya Marekani yalikuwa na njia nyingine: bwate mbili zilizofuatana, kila moja na kijiti chake. Ya pili iliitwa Brownie, jina lililotokana na watengenezaji Brown-Lipe. Iliweza kupunguza mwendo, kuupitisha moja kwa moja, au kuuongeza. Dereva alibadilisha vijiti viwili kwa mikono miwili huku mkono mmoja umepita katikati ya usukani. Aliyekosea katikati ya mteremko akabaki na bwate zote mbili huru alikuwa amejitengenezea friwili ya tani nyingi. Kanuni ya wazee wa kazi hiyo ilikuwa kuchagua vitesi juu ya kilima, kabla ya kuanza kushuka, na kutoigusa tena mpaka chini. Ovadraivu ilikuwa ya kwanza kuachwa, kwa sababu ilivyo, inaizungusha injini polepole, na injini inayozunguka polepole inazuia kidogo.

Jibu safi zaidi kwa tatizo la friwili lilitoka Uingereza, na nina sababu ya kulipenda: aliyelibuni, Edgar de Normanville, alikuwa mhandisi na pia mwandishi wa habari za magari. Kifaa chake kilitengenezwa na kampuni ya Laycock, katika mji wa Sheffield, na kilianza kuonekana kwenye magari ya Standard Vanguard katika miaka ya kwanza baada ya vita. Naye alitumia jua, sayari na pete. Tofauti ilikuwa katika kushika. Badala ya ulimi wa chuma aliweka koni inayoteleza mbele na nyuma, yenye bitana ya freni pande zote mbili. Springi nzito ziliisukuma koni upande mmoja, ikafungana na pete, na mtambo wote ukazunguka kama kitu kimoja. Dereva alipogusa swichi, valvu ilifunguka, oili yenye shinikizo kutoka pampu ndogo ikasukuma pistoni, koni ikaachia pete na kubana kwenye ukingo usiozunguka. Jua likasimama. Ovadraivu ikaingia bila mguu kugusa ambreyaji.

Friwili ndogo ilikuwemo pia, lakini kazi yake ilikuwa kubeba nguvu kwa kitambo kile koni inaposafiri kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mara nyingine zote koni ilikuwa imefunga kitu: ama pete, ama ukingo. Kwa hiyo injini haikuachana na magurudumu, iwe ovadraivu imeingia au imetoka. Kwa maoni yangu hapo ndipo kifaa hiki kilipokomaa. Kilipunguza mizunguko kwa asilimia 22 hivi, pungufu ya Borg-Warner, na dereva alilala nacho mteremkoni bila hofu ile. Kosa moja tu hakikusamehe: kurudi nyuma ovadraivu ikiwa bado imeshika. Friwili ilivunjika vipande. Ndiyo sababu waliweka swichi kwenye kijiti iliyokata umeme katika vitesi za chini na ya kurudi nyuma.

Magari ya Triumph, Austin-Healey, Jaguar na MG yaliuzwa na kifaa hicho, na Volvo wa Sweden waliendelea nacho mpaka miaka ya 1980. Mwenye Land Rover ya zamani, gari ambalo misheni na mashamba ya Afrika yaliijua vizuri, aliweza kununua ovadraivu ya Fairey kuanzia miaka ya 1970. Ilifungwa nyuma ya sanduku la magurudumu manne na kuendeshwa kwa kijiti kidogo. Land Rover zile zilikuwa na gia fupi sana; kwa safari ndefu kwenye lami, dereva aliyefika akiwa na ovadraivu alisikia anachoambiwa siku hiyohiyo.

Kilichoua masanduku haya ya nyongeza ni bei ya mafuta. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao, na bei ya pipa ikapanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Ovadraivu ikaacha kuwa anasa ya kulipia pembeni. Watengenezaji wakaiingiza ndani ya bwate kama vitesi ya tano, kwa mtindo uleule wa lori la GMC, na haikuitwa tena kwa jina lake. Bwate za otomatiki zikapata vitesi ya nne ya ovadraivu: Ford mwaka 1980, General Motors 1981, Wajapani wakiwa tayari njiani.

Na hapo ndipo historia inafika Goma, Bukavu na Butembo. Mwaka 1969 kampuni ya Aisin ya Japani na Borg-Warner, walewale wa Chrysler ya 1934, waliunda kampuni ya pamoja iliyoitwa Aisin-Warner, na bwate zake za otomatiki ziliingia kwenye magari ya Toyota. Ukiingia kwenye teksi ya otomatiki ya miaka ya 1990, tazama kijiti cha vitesi. Pembeni kuna kitufe kimeandikwa O/D. Ni kishikio kile cha kuvuta na kusukuma, kimebadilika umbo.

Wengi wanaogopa taa ya manjano inayowaka kwenye dashibodi, O/D OFF, wanadhani gari linaumwa. Taa hiyo ikiwaka bila kupepesa, maana yake mtu amebonyeza kitufe na vitesi ya ovadraivu imezuiwa: gari litabaki kwenye ya tatu, injini itapiga kelele zaidi, na kwenye mteremko itashika vizuri zaidi. Kushuka mteremko ukiwa umejaza watu, inafaa iwake. Ukifika tambarare, bonyeza tena izime. Kwenye Toyota za umri huo, ikianza kupepesa yenyewe bila kuguswa, hapo bwate ndiyo inayolalamika, na ni wakati wa kumwona fundi.